Kipimo kabla ya kipigo: Binti akikosa siku zake, mzazi afanye nini?

Katika kata ya Kituntu wilayani Karagwe, kama ilivyo vijijini kwingi mkoani Kagera, binti akiamka amechoka, hataki chai na anatapika, jambo la kwanza linalodhaniwa ni malaria. La pili ni taifodi. La tatu ni minyoo. Mdogo wake anatumwa duka la dawa, vidonge vinanunuliwa, na siku zinasonga.

Swali linalochelewa kuulizwa ni moja tu: mara ya mwisho umeziona siku zako lini?

Si kwamba wazazi hawalijui swali hilo. Wanaliogopa. Mama anaogopa jibu, binti anamwogopa baba, na baba anaogopa maneno ya majirani. Kila mmoja ananyamaza akitumaini mwenzake amekosea. Wakati huo mimba, kama ipo, inaendelea kukua, na kila wiki inayopita inapunguza nafasi ya kumsaidia binti mapema.

Hili si jambo la familia chache. Utafiti wa kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata ujauzito. Katika utafiti wa 2015/16 kiwango kilikuwa asilimia 27. Kimeshuka, lakini bado ni zaidi ya msichana mmoja kati ya watano.

Makala hii ni ya mzazi. Inaeleza dalili za mwanzo, kipimo kinavyofanya kazi, mahali pa kupima, na la kufanya jibu likishatoka, liwe lolote.

Kwa nini haraka

Mwili wa msichana wa miaka 14 au 16 bado unakua. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mama wenye umri wa miaka 10 hadi 19 wako katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua kuliko wanawake wa miaka 20 hadi 24. Watoto wao nao wako katika hatari zaidi ya kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Nyonga isiyokomaa inaweza kusababisha uchungu pingamizi, na uchungu pingamizi usiposhughulikiwa mapema huweza kuleta fistula.

Hatari nyingi kati ya hizi hupungua mjamzito anapoanza kliniki mapema. Mwongozo wa kimataifa unataka hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki 12, na mahudhurio yote yasipungue manane. Binti aliyeficha mimba kwa kujifunga kanga tumboni hadi mwezi wa sita amekosa nusu ya safari hiyo. Hajapimwa damu, hajapewa chandarua, na hajaanza vidonge vya kuongeza damu.

Kuna hatari nyingine ya haraka zaidi. Baadhi ya mimba hutunga nje ya mfuko wa uzazi, mara nyingi kwenye mrija wa uzazi. Mrija huo ukipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo na binti anaweza kufariki ndani ya muda mfupi. Anayejua kuwa ni mjamzito ataelewa maana ya maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo. Asiyejua atapewa dawa ya kutuliza maumivu na kuambiwa alale.

Dalili za kuangalia

Dalili kuu ni kukosa hedhi. Nyingine huja kidogo kidogo katika wiki za mwanzo, na si lazima binti azipate zote:

• Kichefuchefu au kutapika. Huitwa cha asubuhi, lakini kinaweza kuja saa yoyote.
• Matiti kujaa, kuuma au kuwasha, na chuchu kuwa nyeusi zaidi.
• Uchovu na usingizi usio wa kawaida, hata baada ya kulala usiku mzima.
• Kukojoa mara kwa mara bila maumivu.
• Kuchukia harufu au chakula alichokuwa akikipenda. Kahawa inayokaangwa au mafuta ya senene yaliyokuwa yakimvutia sasa yanamtoa jikoni.
• Hasira au machozi ya haraka.

Hakuna hata moja kati ya hizi inayothibitisha mimba. Malaria huleta uchovu na kutapika. Maambukizi ya njia ya mkojo huleta haja ndogo ya mara kwa mara, ingawa mara nyingi huambatana na maumivu. Matiti huuma pia siku chache kabla ya hedhi. Ndiyo maana mzazi asitoe hukumu kwa macho. Dalili kazi yake ni kumpeleka binti kwenye kipimo.

Kinyume chake nacho ni kweli: binti anaweza kuwa na malaria na mimba kwa pamoja, na malaria katika ujauzito ni hatari kwa mama na mtoto. Akipelekwa zahanati kwa homa, ni vizuri mhudumu ajue kama hedhi imechelewa ili achague dawa inayofaa. Zipo dawa zinazotumiwa kila siku ambazo hazishauriwi kwa mjamzito, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Miongoni mwake ni doksisaiklini na baadhi ya dawa za minyoo.

“Lakini aliziona siku zake”

Akina mama wengi hutulia wanapoona kitambaa au pedi imetumika. Utulivu huo unaweza kudanganya. Baadhi ya wanawake hutokwa na matone machache ya damu karibu na siku ambazo hedhi ilitarajiwa, ilhali mimba tayari imetunga. Damu hiyo huwa kidogo na haidumu. Kama hedhi ya mwezi huu ilikuwa tofauti sana na za nyuma, bado kupima kuna maana.

Kwa upande mwingine, kukosa hedhi kwa msichana mdogo si lazima kuwe mimba. Katika mwaka mmoja au miwili tangu avunje ungo, mzunguko wake unaweza kuyumba. Kwa kijana, mzunguko wa siku 21 hadi 45 bado huhesabiwa kuwa wa kawaida. Hofu ya mitihani, kupungua uzito ghafla au ugonjwa pia vinaweza kuchelewesha hedhi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba msichana anaweza kushika mimba kabla hajawahi kuona hedhi hata mara moja. Yai la kwanza linaweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza. Kauli kwamba “huyu bado mtoto, hajaanza” haitoshi kufuta uwezekano huo.

Chumvi, sukari na dawa ya meno

Kwenye simu husambaa maelekezo ya kupima mimba nyumbani: changanya mkojo na chumvi, na sukari, na dawa ya meno, kisha angalia kama utatoa povu au kuganda. Hakuna kati ya hivyo kinachopima mimba. Mkojo wa mtu yeyote, hata wa baba mwenye nyumba, unaweza kutoa povu ukichanganywa na dawa ya meno.

Wapo pia wanaoamini kuwa mtu mzima akimwangalia binti shingoni au machoni anatambua. Uzoefu wa bibi una thamani yake katika malezi, lakini jicho haliwezi kuona mimba ya wiki tano. Kosa hapa lina gharama mbili. Binti mjamzito anaambiwa hana kitu, au binti asiye na kitu anapigwa kwa mimba isiyokuwepo.

Kipimo cha mkojo kinavyofanya kazi

Mimba ikishajishikiza kwenye mfuko wa uzazi, mwili huanza kutengeneza homoni iitwayo hCG. Homoni hiyo huingia kwenye damu, kisha kwenye mkojo. Kipimo cha mkojo, ambacho wahudumu wa afya hukiita UPT, kazi yake ni kuitafuta homoni hiyo.

Siku za mwanzo homoni huwa kidogo mno. Mtu akipima siku tatu baada ya kujamiiana atapata jibu la “hapana” hata kama mimba imeanza. Muda unaofaa ni kuanzia siku ambayo hedhi ilitakiwa kuja, na uhakika huongezeka zaidi wiki moja baada ya siku hiyo. Kwa binti ambaye mzunguko wake haueleweki, apime baada ya wiki tatu tangu siku ya tendo.

Hatua zenyewe ni chache:

1. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na kama pakiti haijafunguliwa.
2. Tumia chombo safi na kikavu. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora, hasa siku za mwanzo, kwa kuwa haujachanganyika na maji mengi.
3. Chovya kijiti hadi alama iliyowekwa, si zaidi, kwa sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti.
4. Kilaze mahali palipo sawa, usubiri dakika zilizoelekezwa, ambazo kwa kawaida ni tatu hadi tano.
5. Soma jibu ndani ya muda huo. Baada ya dakika 10 kijiti kikikauka kinaweza kuonyesha kivuli cha mstari kisicho na maana.

Mstari mmoja kwenye herufi C maana yake kipimo kimefanya kazi na homoni haikuonekana. Mistari miwili, C na T, maana yake mimba ipo, hata kama mstari wa pili umefifia. Mstari wa C usipotokea, kipimo hicho kimeharibika na jibu lake halihesabiki.

Jibu likiwa “hapana” na hedhi bado haijaja, rudia baada ya siku saba. Likiwa “ndiyo”, mara chache sana huwa limekosea, lakini bado lithibitishwe kwenye kituo cha huduma. Vidonge vya kawaida vya maumivu, viuavijasumu na dawa za uzazi wa mpango havibadilishi jibu.

Wapi apimwe

Kijiti hupatikana kwenye maduka mengi ya dawa. Shida ya kijijini si kukipata tu. Muuza duka ni jirani, au anasali kanisa moja na familia, na kufikia jioni habari imeshavuka mashamba ya migomba hadi kijiji cha pili. Kwa sababu hiyo wasichana wengine huona bora wasipime kabisa.

Mzazi anaweza kulimaliza hilo kwa kukinunua yeye mwenyewe. Mtu mzima akinunua kipimo hakuna anayeshangaa. Mwenye nafasi ya kufika Kayanga siku ya gulio au kwa shughuli nyingine anaweza kukinunua huko.

Bora zaidi ni kumpeleka zahanati au kituo cha afya. Huko hapimwi mimba tu. Anaweza kupimwa malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, VVU na magonjwa mengine ya zinaa, na akapewa ushauri. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, umri wa kuridhia mwenyewe kupima VVU ulishushwa kutoka miaka 18 hadi 15.

Mzazi asishangae muuguzi akimwomba atoke nje kidogo ili azungumze na binti peke yake. Huo ni utaratibu mzuri. Kuna mambo ambayo mtoto hawezi kuyasema mbele ya mama, hasa kama aliyempa mimba ni ndugu, jirani au mtu anayeheshimiwa nyumbani hapo.

Namna ya kuuliza

Zamani, katika familia nyingi za Kagera, mazungumzo ya namna hii yalikuwa kazi ya shangazi. Mama hakuyagusa, baba ndiyo kabisa. Leo shangazi yuko Mwanza au Dar es Salaam, na binti anajifunza kwa wenzake na kwenye simu. Nafasi imebaki wazi, na mzazi asipoikalia, itakaliwa na mwingine.

Mahali pa kuuliza si mezani mbele ya wadogo zake, wala si usiku baba akiwa amerudi na hasira. Ni pale mnapokuwa wawili tu: mkipalilia maharage, mkimenya ndizi, mkirudi kuteka maji. Kazi za mikono husaidia kwa sababu hamtazamani usoni.

Maneno nayo yana uzito. “Nani amekuharibu?” ni hukumu kabla ya kesi. Jaribu hivi: “Mwanangu, naona siku hizi unachoka na chakula kinakushinda. Siku zako umeziona lini?” Akinyamaza, usimkimbize. Ongeza: “Lolote lililotokea, mimi ni mama yako. Sitakupiga wala sitakufukuza. Nataka tujue mapema ili tujue la kufanya.”

Kisha itimize ahadi hiyo. Binti akipigwa baada ya kusema ukweli, hatasema tena. Na wadogo zake wanaosikiliza nyuma ya mlango watakuwa wamejifunza kuficha.

Baba ana sehemu yake. Mabinti wengi hawaogopi mimba kama wanavyoogopa siku baba atakapojua. Baba anayetangaza mapema kwamba hakuna mtoto wake atakayefukuzwa kwa sababu yoyote huenda akaokoa maisha asiyoyajua.

Hesabu ya wiki inayogombanisha familia

Kuna jambo moja la kitaalamu ambalo limeleta ugomvi katika nyumba nyingi. Zahanati ikisema “mimba ina wiki 8”, familia huhesabu wiki nane nyuma na kumtafuta mhusika kwa tarehe hiyo. Hapo mtu asiye na hatia anaweza kutuhumiwa, na mwenye hatia akapona.

Wahudumu wa afya huanza kuhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si tangu siku ya tendo. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, mimba hutunga karibu wiki mbili baada ya siku hiyo.

Chukua mfano wa binti wa bweni ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 1 Juni, akarudi nyumbani likizo tarehe 5. Akipimwa tarehe 29 Julai, ataambiwa mimba ina wiki 8 na siku mbili. Wazazi wakihesabu nyuma watafika mwanzoni mwa Juni, alipokuwa shuleni, na lawama zote zitaelekezwa huko. Ukweli ni kwamba mimba hiyo ilitunga katikati ya Juni, akiwa tayari yuko nyumbani. Tarehe ya makadirio ya kujifungua itakuwa 8 Machi.

Kwa binti ambaye mzunguko wake unayumba au hakumbuki tarehe, hesabu hiyo haiaminiki. Kipimo cha ultrasaundi katika wiki za mwanzo ndicho hukadiria umri wa mimba vizuri zaidi. Kituo cha karibu kisipokuwa nacho, mhudumu anaweza kumwandikia rufaa kwenda hospitali kubwa zaidi, kama Nyakahanga kwa familia za Karagwe.

Kupima kwa lazima si njia

Kwa miaka mingi katika baadhi ya shule nchini, wasichana walipangwa mstari shule zikifunguliwa na kupimwa mimba kwa lazima, kwa mkojo au kwa kubonyezwa tumbo. Aliyekutwa na mimba alifukuzwa. Mwaka 2022, Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto ilitoa uamuzi katika shauri lililoihusu Tanzania, ikaona kuwa upimaji wa lazima na kufukuzwa shule kwa sababu ya mimba vinakiuka haki za mtoto.

Kwa mzazi, uamuzi huo una somo la nyumbani. Binti anayelazimishwa atatafuta njia ya kukwepa: ataweka maji kwenye chombo, ataazima mkojo wa mwenzake au atatoroka. Aliyeelezwa na kukubali atatoa mkojo wake mwenyewe na kusubiri jibu pamoja na mama. Kipimo ni kilekile, lakini mmoja ataendelea kusema na mwingine atanyamaza.

Jibu likiwa “ndiyo”

Siku hiyo si ya mkutano wa ukoo. Kwanza mpe binti maji, muda wa kulia na mahali pa kulala. Usimwache peke yake usiku wa kwanza kama anazungumza maneno ya kukata tamaa.

Hatua inayofuata ni kliniki ya wajawazito. Hudhurio la kwanza hupima wingi wa damu, kundi la damu, shinikizo la damu, mkojo, VVU na kaswende. Binti huanzishiwa vidonge vya madini ya chuma na foliki, hupewa chandarua, na chanjo ya pepopunda pale inapohitajika. Kwa sera ya nchi, huduma za wajawazito katika vituo vya Serikali hazina malipo.

Mpeleke hospitali bila kusubiri kesho akiwa na maumivu makali ya tumbo chini, kutokwa damu, kuzimia au kizunguzungu kikali, homa kali, au kutapika kiasi cha kutobakiza hata maji.

Katika wiki hizi ndipo pia ushauri mbaya hubisha hodi: mizizi ya kuchemsha, vidonge vingi kwa mpigo, au mtu “anayejua kutoa”. Sheria ya Tanzania hairuhusu kutoa mimba isipokuwa kuokoa maisha ya mama, na njia za vichochoroni huua na kuharibu vizazi. Hata hivyo, kama binti ameshatumia kitu na anatokwa damu, ana homa au uchafu wenye harufu, mpeleke hospitali mara moja na useme ukweli. Huduma baada ya mimba kuharibika hutolewa, na kuficha kwa kuogopa aibu ndiko kunakoua.

Jibu likiwa “hapana”

Hapo mzazi hushusha pumzi na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Ni kosa. Binti aliyehitaji kipimo mwezi huu anaweza kukihitaji tena mwezi ujao. Muuguzi anaweza kumweleza kuhusu kusubiri, kuhusu kondomu na njia nyingine za kujikinga, bila kumtukana. Hedhi ikiendelea kukosekana kwa miezi mitatu, aonwe na daktari ili sababu itafutwe.

Kama alilazimishwa

Hapa saa zina thamani kuliko siku. Msichana aliyebakwa anatakiwa kufika kituo cha afya ndani ya saa 72, na akiwahi ni bora zaidi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi zikianzwa ndani ya muda huo. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ambavyo wengi huvijua kwa jina la P2, navyo hufanya kazi vizuri vikimezwa mapema. Havitoi mimba iliyokwisha kutunga.

Asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kuchunguzwa. Taarifa itolewe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi au kwa afisa ustawi wa jamii. Namba 116, ambayo ni huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bila malipo.

Sheria haimalizwi kwa mbuzi

Familia nyingi hukaa vikao, mhusika akatoa mbuzi au fedha, na mambo yakaisha. Sheria haiyaoni hivyo. Kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Wazazi wa wavulana nao wanapaswa kuwaeleza watoto wao jambo hilo kabla halijatokea.

Kumwoza aliyempa mimba si suluhisho. Tarehe 23 Oktoba 2019, Mahakama ya Rufani ilithibitisha hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka Katiba.

Masomo hayajaisha

Wazazi wengi bado wanaamini kuwa mimba ni mwisho wa shule. Ilikuwa hivyo. Lakini tarehe 24 Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kuwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi baada ya kujifungua. Mwongozo wa utekelezaji ulifuata mwaka 2022. Kwa wanaoona ugumu kurudi darasa lilelile, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inatoa elimu ya sekondari kwa njia mbadala.

Mzazi aende shuleni mapema kuzungumza na mkuu wa shule, na atunze kumbukumbu zote za masomo. Kurudi kunahitaji mtu wa kubaki na mtoto mchanga. Hapo ndipo bibi, ambaye huenda ndiye aliyekuwa mkali zaidi siku ya kwanza, anapokuwa nguzo.

Ya kukumbuka

• Hedhi ikichelewa, uliza kwa upole, kisha pima. Usihukumu kwa macho.
• Pima kuanzia siku ya kukosa hedhi, au wiki tatu baada ya tendo. Jibu likiwa “hapana”, rudia baada ya siku saba.
• Chumvi, sukari na dawa ya meno si vipimo.
• Wiki za mimba huhesabiwa tangu hedhi ya mwisho.
• Maumivu makali, damu au kuzimia: hospitali leo, si kesho.
• Kliniki ianze kabla ya wiki 12.
• Aliyelazimishwa afike kituo cha afya ndani ya saa 72.

Kama binti yako yuko nyumbani likizo hii, huhitaji kusubiri dalili ndipo uanze mazungumzo. Mwambie leo, mkiwa wawili, kwamba akipatwa na lolote mtu wa kwanza kumwambia ni wewe.